Usingizi, Nusukaputi na Dhana ya "Muda Mfupi": Uchambuzi wa Babitureti Zitumikazo Katika Upasuaji

Ikisiri

Makala haya yanaeleza kundi la dawa za nusukaputi zijulikanazo kama babitureti za muda mfupi, hususan thiopentali, tangu chimbuko lake katika maabara za Ujerumani na Marekani hadi kupungua kwa matumizi yake. Hoja kuu ni kwamba sifa ya "muda mfupi" inayoambatanishwa na dawa hizi inahusu athari yake katika ubongo tu, wala haihusu ukaaji wake mwilini. Kuchanganya mambo hayo mawili kumewagharimu wagonjwa. Aidha, makala yanachunguza istilahi za Kiswahili zinazohusika, yaani usingizi, ganzi na nusukaputi, na kupendekeza namna ya kuzitenganisha.

1.0 Utangulizi

Kiswahili kina maneno kadhaa ya kutajia hali ya mtu kutohisi au kutotambua yanayotendeka. Mguu uliokaliwa kwa muda mrefu hufa ganzi. Aliyepatwa na mshtuko huzirai au huzimia. Aliyechoka hulala, na akizidi kulala husemwa kuwa amelala usingizi wa pono. Ama hali ile inayoletwa kwa makusudi na mtabibu ili mwili upasuliwe pasipo maumivu, lugha inayo nusukaputi. Sehemu ya kwanza ya neno hilo, nusu, ina asili ya Kiarabu. Sehemu ya pili inafanana na neno la Kijerumani kaputt, lenye maana ya kitu kilichoharibika au kuvunjika. Msikiaji wa kawaida hulipokea neno zima kama "nusu kufa".

Hata hivyo, katika mazungumzo ya kila siku hospitalini neno hilo halisikiki sana. Mgonjwa huambiwa kwamba atachomwa sindano ya usingizi, na mtaalamu atakayeichoma huitwa daktari wa usingizi. Neno usingizi linavutia kwa upole wake, kwa kuwa halimtishi mgonjwa na humwahidi kuamka. Lakini upole wa neno si usahihi wa dhana. Vivyo hivyo, wanafunzi wa tiba wanapofundishwa kwamba dawa fulani ni "ya muda mfupi", hawaambiwi siku zote ni muda wa kitu gani unaopimwa.

Maswali haya mawili, la usingizi na la muda, yanakutana katika dawa za kundi la babitureti zilizotengenezwa kwa ajili ya nusukaputi. Ili kuyajibu, ni lazima kwanza ieleweke dawa hizo zilitoka wapi na zinafanyaje kazi. Sehemu ya 2.0 hadi ya 4.0 zinashughulikia jambo hilo. Sehemu ya 5.0 na ya 6.0 zinaonyesha yaliyotokea dawa hizo zilipotumiwa vitani, katika uchunguzi wa jinai na katika utekelezaji wa adhabu ya kifo. Na sehemu ya 7.0 inarejea kwenye suala la istilahi.

2.0 Chimbuko la Babitureti

Asidi ya babituri, ambayo ndiyo mzazi wa kundi zima, iligunduliwa na mkemia wa Kijerumani Adolf von Baeyer mwaka 1864. Kimsingi asidi hiyo ni muungano wa urea na asidi ya maloni. Yenyewe haimlazi mtu. Uwezo wa kutuliza na kulaza hupatikana pale atomi za haidrojeni zilizomo katika nafasi ya tano ya duara la molekuli zinapoondolewa na mahali pake kuwekwa minyororo ya kaboni. Kila badiliko la minyororo hiyo huzaa dawa nyingine yenye nguvu na mwendo wake.

Badiliko la kwanza lenye manufaa ya tiba lilitangazwa mwaka 1903 na Emil Fischer pamoja na Joseph von Mering. Dawa hiyo, babitali, iliuzwa kwa jina la Veronal, ikawa dawa mashuhuri ya watu waliokosa usingizi. Fenobabitali ilifuata mwaka 1912 kwa jina la Luminal, nayo hadi leo inatumika kutibu kifafa. Dawa hizi za awali zilimezwa, zilianza kazi polepole, na athari yake ilidumu kwa saa nyingi. Zilifaa chumba cha kulala, lakini hazikufaa chumba cha upasuaji, kwa sababu mpasuaji anahitaji dawa ambayo nguvu yake inakuja mara moja na kuondoka kazi inapokwisha.

Haja hiyo ilikuwa kubwa. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 nusukaputi ililetwa hasa kwa kuvutishwa hewa ya etha au ya klorofomu. Mgonjwa alifunikwa uso, akakabwa na harufu kali, na mara nyingi alipapatika kabla ya kupoteza fahamu. Sindano ya mshipani ingemwepusha na mateso hayo. Mwaka 1932 watafiti wa Ujerumani walitoa taarifa kuhusu heksobabitali, iliyouzwa kwa jina la Evipan. Hiyo ndiyo babitureti ya kwanza iliyoonyesha kwa upana kwamba mtu anaweza kuchomwa sindano katika vena na kupoteza fahamu katika muda usiozidi dakika moja. Upungufu wake ulikuwa kwamba wagonjwa wengi walitetemeka na kurusharusha viungo.

3.0 Thiopentali na Sifa Zake

Nchini Marekani, wakemia Ernest H. Volwiler na Donalee L. Tabern wa kampuni ya Abbott Laboratories walifuata njia nyingine. Walichukua pentobabitali, wakaiondolea atomi moja ya oksijeni katika nafasi ya pili ya duara, wakaweka mahali pake atomi ya salfa. Badiliko hilo dogo liliifanya molekuli iyeyuke kwa wepesi zaidi katika mafuta. Ubongo umezungukwa na kuta za chembe zenye asili ya mafuta. Kwa hiyo kile kinachoyeyuka katika mafuta huingia ubongoni bila kizuizi. Dawa hiyo iliitwa thiopentali, au thiopentoni kwa istilahi ya Uingereza, na ikauzwa kwa jina la Pentothal.

Mgonjwa wa kwanza alichomwa dawa hii tarehe 8 Machi 1934 na Ralph M. Waters katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison. Miezi michache baadaye John S. Lundy wa Mayo Clinic alianza kuichunguza kwa mapana, na ni yeye aliyefanya mengi kuieneza. Katika miongo iliyofuata walipatikana ndugu zake, kama vile thiamilali na methoheksitali, lakini hakuna aliyeifikia kwa umaarufu. Kwa zaidi ya nusu karne thiopentali ilikuwa ndiyo dawa ya kawaida ya kuanzishia nusukaputi katika sehemu nyingi za dunia, na ikaingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Dawa hii huhifadhiwa ikiwa unga wa rangi ya manjano hafifu, wenye harufu ya salfa inayokaribia ile ya kitunguu saumu. Unga huyeyushwa katika maji na kupata mmumunyo wa asilimia 2.5, ambao ni alkali kali. Kipimo cha kawaida kwa mtu mzima mwenye afya ni miligramu 3 hadi 5 kwa kila kilo ya uzito wake. Katika muda wa nusu dakika hivi mgonjwa hupoteza fahamu. Asipoongezewa dawa nyingine, huzinduka baada ya dakika 5 hadi 10.

Kuhusu namna inavyofanya kazi, ubongo una kemikali yake ya asili iitwayo GABA, ambayo kazi yake ni kupunguza msisimko wa neva. GABA inaposhika kipokezi chake, mlango hufunguka na chembechembe za kloridi huingia ndani ya neva, nayo hutulia. Babitureti huufanya mlango huo ukae wazi kwa muda mrefu zaidi. Kipimo kikiwa kikubwa, dawa huweza kuufungua mlango hata pasipo GABA. Hii ndiyo sababu babitureti hazina dari ya usalama: kila kipimo kinapoongezwa, utulivu hugeuka kuwa kutotambua, kutotambua hugeuka kuwa kukoma kupumua, na mwisho wake ni mauti.

Madhara mengine yanajulikana vyema. Dawa hushusha shinikizo la damu na kudhoofisha upumuaji. Ikichomwa kwa makosa katika ateri badala ya vena, hufanya fuwele zinazoziba mishipa midogo, na mkono huweza kuoza. Watu wenye maradhi ya kurithi yaitwayo pofiria hawapaswi kabisa kupewa dawa hii, kwa kuwa huamsha shambulio la maumivu ya tumbo, kupooza na hata kifo. Mfano mashuhuri unatoka Afrika ya Kusini, ambako daktari Geoffrey Dean alifuatilia nasaba za familia zenye aina moja ya pofiria na kuirudisha asili yake kwa Waholanzi wawili waliooana huko Rasi mwaka 1688. Maradhi hayo yalikuwamo katika damu ya vizazi kwa karne mbili na nusu bila kelele nyingi. Zilipokuja babitureti, jambo lililokuwa dogo likawa la kuua.

Jambo la mwisho la kuzingatia ni kwamba thiopentali haiondoi maumivu. Humfanya mtu asitambue, lakini mwili wake huendelea kuitikia kisu: moyo hupiga mbio na shinikizo hupanda. Kwa sababu hiyo Lundy, ambaye tangu mwaka 1926 alikuwa ametetea wazo la nusukaputi ya mseto, alisisitiza kwamba dawa moja isibebeshwe kazi zote. Moja iondoe fahamu, nyingine itulize maumivu, na nyingine ilegeze misuli. Thiopentali hufungua tu mlango wa nusukaputi.

4.0 Kwa Nini Athari ni Fupi?

Mgonjwa anayezinduka baada ya dakika 10 huonekana kama mtu ambaye dawa imemtoka. Hivyo ndivyo walivyodhani wataalamu wa kwanza: kwamba ini huivunja thiopentali kwa kasi kubwa. Mwaka 1950 Bernard Brodie na wenzake walionyesha kwamba dhana hiyo si sahihi. Walipopima damu na tishu, waliikuta dawa ingali mwilini muda mrefu baada ya mgonjwa kuzinduka, na sehemu yake kubwa ikiwa imejilimbikiza katika mafuta. Mwaka 1960 Henry L. Price na wenzake wakarekebisha maelezo hayo. Mafuta hupata damu kidogo mno kuweza kuipokea dawa katika dakika chache za mwanzo. Kinachoupunguzia ubongo dawa kwa haraka ni misuli na tishu nyingine zisizo za mafuta. Mafuta hupokea fungu lake baadaye, polepole.

Maelezo haya yanaweza kufananishwa na nyumba yenye arusi. Wageni wanapoingia, wote hupitia sebuleni kwanza, kwa kuwa mlango mkubwa uko huko. Kwa muda mfupi sebule hujaa hata pa kukanyaga hapaonekani. Kisha wageni hutawanyika: wengi huenda uani, ambako ni kupana, na wachache huingia vyumba vya nyuma, ambako njia ni nyembamba na kutoka ni taabu. Baada ya dakika chache sebule huwa tupu. Anayechungulia dirishani atasema wageni wameondoka. Lakini hakuna aliyekwenda kwao. Wote wangali ndani ya nyumba.

Sebule ni ubongo, ambao uzito wake ni takribani asilimia 2 tu ya mwili wa mtu mzima, ilhali hupata karibu asilimia 15 ya damu inayosukumwa na moyo mwili unapotulia. Ua ni misuli. Vyumba vya nyuma ni mafuta. Kuondoka kwenyewe, yaani kuvunjwa kwa dawa na ini, ni jambo la saa nyingi: huchukua kiasi cha saa 12 kwa nusu ya dawa iliyobaki mwilini kuondolewa. Kwa hiyo mgonjwa aliyezinduka, anayezungumza na kuwatambua jamaa zake, angali na sehemu kubwa ya dawa aliyochomwa.

Mfano huo huo unaeleza hatari ya kurudia kipimo. Wageni wapya wakiingia wakati ua na vyumba vimekwisha kujaa, sebule haitapata pa kuwapeleka. Kipimo cha pili na cha tatu cha thiopentali hulaza kwa muda mrefu kuliko cha kwanza, na kikiendelezwa kwa saa nyingi mgonjwa huweza kukaa bila fahamu kwa siku kadhaa. Dawa ni ile ile na kiasi ni kile kile, lakini "ya muda mfupi" imekuwa ya muda mrefu. Sifa ambayo hubadilika kwa kadiri kitu kinavyotumiwa haiwezi kuwa sifa ya kitu chenyewe. Ni sifa ya uhusiano kati ya kitu hicho na mwili uliokipokea.

Ufafanuzi huu unatilia shaka mgawanyo wa kale uliozipanga babitureti katika makundi ya muda mrefu, wastani, mfupi na mfupi mno. Mgawanyo huo ulitokana na majaribio kwa wanyama, ambapo kilichopimwa kilikuwa muda wa kulala baada ya kipimo kimoja. Haukupima muda ambao dawa hukaa mwilini, na kwa binadamu mipaka ya makundi hayo huingiliana.

5.0 Pearl Harbor: Hekaya na Hesabu

Tarehe 7 Desemba 1941 ndege za Japani ziliishambulia bandari ya Pearl Harbor katika visiwa vya Hawaii. Majeruhi walikuwa wengi, na thiopentali ilikuwa miongoni mwa dawa zilizotumiwa. Mwaka 1943 F. J. Halford alichapisha katika jarida la Anesthesiology tahakiki kali dhidi ya matumizi ya nusukaputi ya mshipani katika upasuaji wa vita. Kutokana na maandishi hayo ilizuka hekaya iliyorudiwa madarasani kwa miongo mingi, kwamba huko Pearl Harbor thiopentali iliua watu wengi kuliko mabomu ya adui.

Mwaka 1995 F. E. Bennetts alichapisha katika British Journal of Anaesthesia uchunguzi wa kumbukumbu za hospitali. Ilidhihirika kwamba vifo vilivyohusishwa na dawa hiyo vilitiwa chumvi kupita kiasi. Hekaya, basi, haikuwa na hesabu nyuma yake. Hata hivyo, kilichoifanya ikubalike ni kwamba ilikuwa na chembe ya ukweli wa kifiziolojia.

Majeruhi aliyepoteza damu nyingi si mtu yule yule aliyepimiwa miligramu 3 hadi 5 kwa kilo. Damu yake imepungua, na mwili wake, kwa kujihami, umebana mishipa inayokwenda kwenye misuli na matumbo ili kiasi kilichobaki kiwafae moyo na ubongo. Kwa lugha ya mfano uliotangulia, milango ya uani imefungwa. Wageni wale wale wakiingia, wote hubaki sebuleni. Kipimo ambacho kwa mtu mzima wa afya ni salama, kwa huyu humlemea moyo na kumkomesha pumzi. Fundisho lililotokana na hekaya hiyo lilikuwa sahihi hata kama hesabu zake hazikuwa hivyo: dawa ipimwe kwa hali ya mgonjwa, ichomwe polepole, na oksijeni pamoja na mtu wa kusimamia pumzi viwe tayari kabla ya sindano.

6.0 Nje ya Chumba cha Upasuaji

Dawa iwezayo kumvusha mtu kati ya fahamu na kutotambua haikukosa kuvutia watu wasio matabibu. Kipimo kidogo cha babitureti humlegeza mtu na kumfanya aropoke. Kutokana na hali hiyo ilienea imani kwamba thiopentali ni "dawa ya ukweli". Imani hiyo ina kosa la kimantiki, kwa kuwa kulegea kwa ulimi si kunyooka kwa ulimi. Aliyelegezwa husema yaliyo kweli, yaliyo njozi, na yale anayohisi kwamba muulizaji anataka kuyasikia. Mahakama zililiona jambo hili kwa njia yake. Mwaka 1963 Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri la Townsend dhidi ya Sain, iliamua kwamba ungamo lililotokana na dawa yenye athari ya aina hiyo halikubaliki kuwa ushahidi. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya India, katika shauri la Selvi dhidi ya Jimbo la Karnataka, iliamua kwamba kumhoji mtu akiwa chini ya dawa hizo bila ridhaa yake ni kuvunja haki yake ya kikatiba ya kutojishuhudilia dhidi ya nafsi yake.

Matumizi mengine yalikuwa ya kuua. Jimbo la Oklahoma lilipitisha mwaka 1977 sheria ya kutekeleza adhabu ya kifo kwa sindano, na jimbo la Texas likawa la kwanza kuitumia njia hiyo mwaka 1982. Kwa utaratibu uliozoeleka zilichomwa dawa tatu kwa mfuatano: thiopentali ya kuondoa fahamu, pankuroniamu ya kupooza misuli, na kloridi ya potasiamu ya kusimamisha moyo. Ubishi ulitokea kuhusu kiungo cha kwanza cha mnyororo huo. Iwapo thiopentali haikuingia vizuri mshipani, mhukumiwa angeweza kuwa na fahamu huku amepooza, asiweze kulia wala kukunja uso. Mwaka 2008, katika shauri la Baze dhidi ya Rees, Mahakama Kuu ya Marekani iliuona utaratibu wa jimbo la Kentucky kuwa halali. Hata hivyo, mabishano yalidhihirisha kwamba utulivu wa mwili uliopoozwa si ushahidi wa kutohisi.

Mwezi Januari 2011 kampuni ya Hospira, iliyokuwa mtengenezaji pekee wa dawa hiyo nchini Marekani, ilitangaza kuacha kuitengeneza. Ilikuwa imekusudia kuhamishia kazi hiyo katika kiwanda chake nchini Italia, lakini serikali ya huko ilidai ihakikishiwe kwamba dawa haitaishia katika vyumba vya kunyongea. Mwezi Desemba mwaka huo huo Umoja wa Ulaya uliweka udhibiti wa mauzo ya nje ya babitureti za nusukaputi za muda mfupi na wa wastani. Kwa njia hiyo mgawanyo wa kimaabara, ambao ulitokana na muda wa kulala wa wanyama, uligeuka kuwa lugha ya sheria na ya forodha. Waliokosa dawa hawakuwa majimbo yenye vyumba vya kunyongea peke yake, bali na hospitali za Marekani zilizokuwa zikiitumia kwa uponyaji.

Wakati huo, hata hivyo, thiopentali ilikwisha kupoteza enzi yake. Propofoli, iliyoidhinishwa Uingereza mwaka 1986 na Marekani mwaka 1989, huondoka mwilini kwa kasi zaidi na mgonjwa huzinduka akiwa mwepesi wa kichwa. Katika hospitali nyingi za wilaya za Afrika Mashariki, ketamini nayo ilipata nafasi kubwa, kwa sababu huondoa maumivu na haikandamizi pumzi kwa kiasi kile.

7.0 Suala la Istilahi

Kutokana na maelezo hayo, istilahi zilizotajwa mwanzoni zinaweza sasa kupimwa.

Kwanza ni neno usingizi. Aliyelala huamka akiitwa, hugeuka ubavu ukichoka, hukohoa kinapomkwama kitu kooni. Aliye chini ya thiopentali hafanyi lolote kati ya hayo. Kipimo kikiongezwa, hata mawimbi ya umeme ya ubongo wake hunyamaza kabisa kwa vipindi, hali ambayo haimpati mtu aliyelala. Tofauti hii si ya vitabuni tu. Mgonjwa huagizwa asile kabla ya upasuaji kwa sababu nusukaputi huondoa kinga ya koo, na kilichomo tumboni huweza kupanda na kuingia mapafuni. Mtu aliyeambiwa kwamba atalala tu hana sababu ya kuliona agizo hilo kuwa la lazima, maana kila usiku hulala akiwa ameshiba. Akila uji alfajiri na kunyamaza, kosa si lake peke yake. Neno alilopewa limemficha hatari.

Pili ni neno ganzi. Hili lina mahali pake pa haki: kutohisi kwa sehemu ya mwili huku fahamu ikiwapo. Dawa ya ganzi ni ile ya jino au ya mshono wa kidole. Kulipanua neno hili lihusu kutotambua kwa mtu mzima ni kulipotezea mpaka wake.

Tatu ni nusukaputi. Neno hili linashutumiwa kwa kuogofya, na wauguzi wanaolikwepa wana huruma ndani yake. Lakini ndilo pekee linalobeba ukweli kwamba hali hii si ya kawaida, ina hatari, na inahitaji mlinzi. Tena ni neno moja, limekwisha kuzoeleka, na linazaa vishazi kwa urahisi, kama vile nusukaputi ya mseto au dawa ya kuanzishia nusukaputi. Inapendekezwa, hivyo basi, kwamba litumike katika vitabu, mafunzo na fomu za ridhaa. Usingizi unaweza kuendelea kutumika kando ya kitanda, mradi ufuatiwe na maelezo ya wazi kwamba si usingizi wa usiku.

Nne ni kishazi "ya muda mfupi". Kishazi hiki kinaacha wazi swali la muda wa nini, na msomaji hulijibu kwa kudhani ni muda wa dawa. Inapendekezwa isemwe "babitureti za athari fupi". Neno athari huelekeza fikra kwenye kinachoonekana, na kuacha nafasi ya kuuliza kisichoonekana. Sambamba nalo uwepo "muda wa ukaaji", kwa maana ya kipindi ambacho dawa yenyewe hubaki mwilini. Kwa istilahi hizo mbili inawezekana kutamka kwa sentensi moja jambo lililochukua miaka mingi kugunduliwa: thiopentali ina athari fupi na ukaaji mrefu.

Faida yake ni ya moja kwa moja. Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji mdogo asubuhi huzuiwa kuendesha gari au pikipiki na kunywa pombe hadi kesho yake. Akielezwa kwamba dawa aliyochomwa ni ya muda mfupi, agizo hilo litaonekana kama ukali usio na maana. Akielezwa kwamba athari imepita lakini dawa ingali mwilini, agizo hujieleza lenyewe.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamefuatilia babitureti za athari fupi tangu asidi ya babituri ya mwaka 1864 hadi kutoweka kwa thiopentali katika soko la Marekani mwaka 2011. Imeonekana kwamba kuzinduka haraka kwa mgonjwa hutokana na dawa kuhama kutoka ubongoni kwenda katika misuli, na hatimaye katika mafuta; kwamba hali ya mwili wa mgonjwa huweza kuugeuza muda huo; na kwamba kutotambua, kutohisi maumivu na kutoweza kusogea ni mambo matatu yasiyopaswa kuchukuliwa kuwa moja.

Ingawa dawa yenyewe sasa inatumika kwa nadra kuliko zamani, funzo lake la kiistilahi halijapitwa na wakati, maana propofoli na nyingine zilizoirithi nafasi yake zinafafanuliwa kwa maneno yale yale. Ipo haja kwa wanaleksikografia kushirikiana na wataalamu wa nusukaputi ili kuzichunguza istilahi zinazotumika katika mawodi na katika fomu za ridhaa, na kupima iwapo mgonjwa anazielewa kama zilivyokusudiwa. Mtihani wa istilahi ya tiba haufanyiki katika kamusi peke yake. Hufanyika pia pale ambapo mgonjwa, akiwa na njaa na hofu, huamua kama atalitii agizo aliloambiwa.